Lava moja, tarehe mbili, na tantali isiyo ya mwamba

Swali: Shikamoo Dokta. Ninasoma shahada ya uzamili ya jiolojia hapa Dodoma. Nimepokea mawe ya volkeno kutoka kisiwa cha Lombok, Indonesia: basalti (lava yenye silika kidogo), andesiti na pumisi moja ya dasiti (zenye silika zaidi). Basalti moja yenye K₂O asilimia 0.9 ilipimwa kwa njia ya potasiamu na argoni (K-Ar). Plagioklezi yake, yaani madini ya fuwele kubwa ndani ya jiwe, ilitoa miaka milioni 0.90, lakini matriksi, yaani zile chembe laini zilizoshika fuwele kubwa, ikatoa miaka milioni 0.31. Upande wa kemia, jiwe lilisagwa hapa mjini kabla ya kutumwa, na majibu yanasema Nb (niobi) 3.2 ppm, yaani sehemu kwa milioni, na Ta (tantali) 0.64 ppm. Lile bonde la Nb na Ta kwenye mchoro wa elementi, tunalofundishwa kuwa ni alama ya tao la visiwa (safu ya volkeno juu ya bamba linalozama), limevurugika, kwa sababu Ta imepanda juu. Niamini kipi na nirudie nini? Na je, njia hizi zinafaa pia kwa miamba ya kijani (greenstone, lava za kale zilizobadilishwa na joto) ya Nzega?

Jibu: Marahaba. Tarehe ya plagioklezi iweke kando. Ya matriksi ichukue kama kadirio la muda tu, tena linaloweza kuwa kubwa kuliko ukweli. Thamani ya Ta ifute kabisa kwenye jedwali lako. Tatizo si mashine za kupimia. Tarehe iliharibikia ndani ya chemba ya magma, na Ta iliharibikia kwenye kinu cha kusagia.

Tuanze na Ta, maana ushahidi wake uko wazi. Nb na Ta huenda pamoja karibu kila mahali, kwa kuwa chaji ya ayoni zao ni ileile na ukubwa wake unakaribiana. Kwenye basalti nyingi uwiano wa Nb kwa Ta ni kati ya 15 na 17, na za matao huyumba kidogo kuzunguka hapo. Wako ni 5. Kwa Nb ya 3.2 ungetegemea Ta ya karibu 0.2. Hakuna mchakato wa kawaida wa mantili (tabaka lililo chini ya ukoko wa dunia) unaoongeza Ta mara tatu huku ukiiacha Nb palepale, ila kinu cha tangsteni kabaidi hufanya hivyo kwa dakika chache. Ni kigumu, kinasaga upesi, na maabara nyingi hukipenda kwa sababu hiyo, lakini huungwa kwa kobalti na mara nyingi huwa na kabaidi ya tantali ndani yake. Fungua ripoti yako uangalie W na Co. Basalti nzima ya aina hii kwa kawaida huwa na W chini ya 1 ppm, na Co kati ya 20 na 50. Ukikuta W imefika makumi au mamia, kesi imekwisha. Nb nayo huongezeka kidogo kwa kinu hicho, kwa hiyo hata hiyo 3.2 itumie kwa tahadhari mpaka urudie.

Uharibifu huu unauma kwenye matao kuliko kwingine. Bamba la bahari linapozama hutoa maji na mashapo yaliyoyeyuka, na hivyo hubeba Ba, Rb, K, Sr, Pb, Th na U kuvipeleka kwenye mantili iliyo juu yake. Nb na Ta hubaki nyuma, hasa zikiwa zimeshikwa na madini ya rutaili. Ndiyo maana lava ya tao ina Ba na Th nyingi lakini Nb na Ta kidogo mno, kiasi kwamba sehemu ndogo ya ppm kutoka kwenye kinu inatosha kubadilisha hadithi yote. Basalti ya Hawaii yenye Ta zaidi ya 1 ppm ingepata doa hilohilo na mchoro wake ungevurugika kidogo tu.

Sasa kusaga upya. Kata kipande cha ndani kwa msumeno wa almasi, ondoa ngozi yote ya kahawia, na usugue alama za msumeno kwa msasa wa silikoni kabaidi. Oshea kwenye maji yaliyochujwa ndani ya bafu la mawimbi ya sauti, ubadilishe maji mpaka yabaki maangavu. Kausha kwa nyuzi 60 usiku kucha. Vunja jiwe likiwa limefungwa kwa plastiki nene, nyundo isiliguse moja kwa moja. Krasha ya taya za chuma inakubalika kwa hatua ya kati: itaongeza Fe, Mn na Cr kidogo, na hivyo Cr za andesiti zisomwe kwa uangalifu. Hatua ya mwisho, mpaka unga upite kwenye chujio la mikroni 75, ifanyike kwenye kinu cha agati. Ni cha polepole, lakini kinachoongeza ni silika tu, na silika kwenye basalti ni karibu nusu ya jiwe, haitaonekana.

Krasha za hapa Dodoma na mikoa jirani zinastahili onyo la peke yake. Nyingi zimeshasaga granaiti na mawe ya dhahabu kwa miaka, na kusaga lava ya Lombok humo bila kuisafisha ni sawa na kusaga mtama kwenye mashine iliyotoka kusaga pilipili. Hatari kubwa ni zirkoni, madini magumu yanayotumika kupimia umri. Granaiti za kratoni yetu (kiini kikongwe cha bara) zimejaa zirkoni za miaka milioni 2,600 hadi 2,700, na punje moja iliyojificha kwenye kona ya taya itatoka ndani ya sampuli yako. Unaweza kusema, nikiiona nitaitambua, nitaitupa. Hutaweza kuitupa kwa haki, kwa sababu chini ya Java Mashariki, si mbali na Lombok, wanajiolojia wamekuta zirkoni za Akeani (zama za zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita) zilizorithiwa kutoka kipande cha bara la kale la Gondwana kilichozikwa chini ya tao. Punje kongwe kwenye lava yako inaweza kuwa ugunduzi, au inaweza kuwa vumbi la Dodoma. Namna pekee ya kujua ni usafi: brashi ya waya, hewa ya kompresa, alkoholi, kisha usage kwatzi safi na kuihifadhi kama sampuli tupu, halafu usage kiasi kidogo cha jiwe lenyewe na ukitupe, ndipo usage lile unalolitaka. Hiyo kwatzi uiangalie kwa hadubini. Kiangazi, upepo unapovuma, fanya kazi hiyo madirisha yakiwa yamefungwa na sahani zikiwa zimefunikwa.

Kwa elementi kuu, XRF (upimaji kwa eksirei) ya shanga ya kioo inatosha. Unga ukaushwe kwa nyuzi 105, kisha uchomwe kwa nyuzi 1,000 kwa saa moja ili kupata upungufu wa uzito. Ukizidi asilimia 2 au 3 kwenye basalti, jiwe limeoza au limekunywa maji, na K, Na, Rb na Ba zake hazitegemeki tena. Upungufu ukiwa hasi usishtuke. Ni chuma cha Fe²⁺ kilichochukua oksijeni. Shanga yenyewe ni sehemu 1 ya unga kwa sehemu 5 hadi 10 za lithiamu tetraborati au mchanganyiko wake na metaborati, kwenye bakuli la platini lenye dhahabu asilimia 5, kwa nyuzi 1,050 hadi 1,100. Jumla ya elementi zote iangukie kati ya 99 na 101. Kabla ya kuweka jiwe kwenye mchoro wa silika na alkali, toa maji na uhesabu upya jumla iwe 100, la sivyo utalipatia jiwe jina lisilo lake.

Elementi zilizomo kwa kiasi kidogo sana hupimwa kwa ICP-MS, mashine inayopima tungamo za ayoni kutoka kwenye plazma, na mitego ya kemia ya matao iko mingi hapa. Yeyusha miligramu 50 hadi 100 kwa asidi ya haidrofloriki na nitriki kwenye kikombe cha tefloni kilichofungwa, kwa nyuzi 120 hadi 150, siku 2 au 3. Kausha, kisha rudia mara mbili kwa nitriki iliyokolea, maana floridi nyeupe za Ca na Mg zikibaki chini ya kikombe huwa zimeondoka na elementi adimu za ardhi. Basalti huyeyuka vizuri hivyo. Dasiti haiyeyuki yote: zirkoni hubaki nzima, Zr na Hf zikasomeka chini, na bonde la uongo likachimbika kwenye mchoro wako. Kwa dasiti tumia chombo cha shinikizo kwenye tanuri la nyuzi 180 hadi 200, au yeyusha kwa lithiamu metaborati. Na asidi hiyo haina mchezo. Bila kabati la kufyonza hewa, glavu nene, ngao ya uso na jeli ya kalsiamu glukonati iliyo wazi mezani, usiifungue chupa.

Mtego mwingine ni Ba. Lava za matao zina Ba nyingi, na ndani ya plazma Ba huungana na oksijeni na kufikia tungamo 151 na 153, ambazo ndizo tungamo za Eu (europiamu, mojawapo ya elementi adimu za ardhi). Matokeo yake ni kilele cha Eu kwenye mchoro, na mwanafunzi huandika kwamba plagioklezi imelundikana. Pitisha mmumunyo wa Ba peke yake, pima kiwango cha oksidi, kisha sahihisha. Kwa sampuli rejea (mawe ambayo kemia yake inajulikana tayari), BHVO-2 ya Hawaii pekee haitoshi. Inafanana kidogo mno na mawe yako. Ongeza JB-2, basalti ya Oshima kwenye tao la Izu, ambayo Nb yake ni karibu nusu ya ppm. Maabara inayoipata JB-2 vizuri ndiyo unayoweza kuiamini na basalti ya tao. Kwa andesiti kuna AGV-2 na JA-1.

Ukishapata namba safi, chora Th/Yb dhidi ya Nb/Yb. Basalti za migongo ya bahari na za visiwa vya bahari visivyo vya tao hukaa kwenye mstari mmoja wa mshazari, na za matao hupanda juu yake kwa sababu ya Th iliyoongezwa na bamba. Lakini magma inayopita kwenye ukoko wa bara na kuuyeyusha nayo hupanda vilevile na kuonyesha bonde la Nb. Bonde peke yake si kitambulisho cha tao. Linahitaji isotopu za Sr, Nd na Pb, na linahitaji ramani. Tena si kila kisiwa chenye volkeno ni tao: Karthala ya Komoro iko kwenye bahari yetu hii, na hakuna bamba linalozama chini yake.

Turudi kwenye tarehe. Potasiamu-40 ina nusu uhai wa miaka bilioni 1.25, na karibu asilimia 11 tu ya mivunjiko yake hutoa argoni-40. Basalti yako, kwa K₂O ya asilimia 0.9, katika miaka 310,000 imetengeneza argoni ya moli 4 × 10⁻¹³ kwa gramu. Plagioklezi ya basalti ya tao mara nyingi ina K₂O ya asilimia 0.1 hadi 0.2. Tuseme ni 0.15. Hapo ziada ya moli 1.3 × 10⁻¹³ tu kwa gramu inatosha kuipandisha kutoka 0.31 hadi 0.90. Kiasi hichohicho kikiingia kwenye matriksi kingeongeza miaka 100,000 hivi. Kwa hiyo tofauti yako ya mara tatu inaelezeka bila muujiza: fuwele za plagioklezi zilikua chini kwenye chemba, zikafungia argoni ya magma ndani ya viputo vidogo vya kioo na nyufa, na hazikupata muda wa kuiachia lava ilipotoka. Matriksi iliganda juu ya ardhi, hewani, na argoni nyingi ilikwisha kutoroka. Si nadharia tupu: lava ya Hualālai, Hawaii, iliyotoka mwaka 1800 na 1801 watu wakiiona, ilipopimwa kwa K-Ar ilitoa umri unaozidi miaka milioni 1.

Njia ya K-Ar haina namna ya kukuambia kama argoni imezidi au imepungua. Inatoa namba moja, na K hupimwa kwenye kipande kimoja, argoni kwenye kingine. Unachohitaji ni argoni-argoni, njia inayopima K na argoni kwenye kipande kilekile, kwa kupasha joto hatua kwa hatua. Kabla ya hapo kata kipande chembamba na ukitazame kwa hadubini. Tafuta jiwe ambalo matriksi yake imeganda yote kuwa fuwele. Kioo kikiwepo, acha: hunywa maji na kupoteza K. Olivini iliyogeuka nyekundu, udongo wa kijani, zeolaiti ndani ya matundu, zote ni sababu za kuchagua jiwe jingine hata kama hilo ndilo zuri kwa macho.

Saga taratibu na uchuje, ubaki na punje za mikroni 180 hadi 250. Ondoa fuwele kubwa kwa sumaku ya umeme na vimiminika vizito, osha kwa asidi ya nitriki ya asilimia 5 kwa dakika 10 hadi 15, kisha chambua kwa mkono chini ya hadubini. Miligramu 100 hadi 200 zinatosha. Zinapelekwa kwenye kinu cha nyuklia, ambacho nchini hatuna, ili nyutroni zigeuze K-39 kuwa argoni-39. Dai mambo matatu kwenye fomu ya maombi. Kinga ya kadimiamu, ili kinu kisitengeneze argoni-40 kutoka kwenye K yenyewe. Muda mfupi ndani ya kinu, maana mawe machanga hayahitaji saa nyingi. Na kipimo rejea kichanga: sanidini (madini yenye potasiamu) ya Alder Creek, yenye takriban miaka milioni 1.2, inakufaa kuliko ya Fish Canyon yenye milioni 28.2. Uliza pia foleni yao ina urefu gani. Argoni-37, inayotumika kusahihisha athari za kalsiamu, ina nusu uhai wa siku 35, na plagioklezi ina kalsiamu nyingi. Sampuli ikikaa mwaka mzima kabatini sahihisho hilo halipo tena.

Yakirudi matokeo ya hatua 10 hadi 15, usikimbilie umri wa mwisho. Tazama umbo. Uwanda unaokubalika ni hatua 3 au zaidi zinazofuatana, zenye angalau nusu ya argoni-39 yote, zikilingana ndani ya makosa yake. Umbo la tandiko la farasi, juu mwanzoni na mwishoni, ni argoni ya ziada. Ngazi inayopanda ni argoni iliyopotea. Inayoshuka mara nyingi ni argoni-39 iliyoruka kutoka punje moja hadi nyingine ndani ya kinu, tatizo la matriksi laini mno. Kisha chora isokroni geuzi, yaani mstari unaopitia uwiano wa isotopu za argoni za hatua zote, na usome inapokata mhimili: hewa ni 298.56 kwa uwiano wa argoni-40 kwa 36. Ukipata 305 ndani ya kosa dogo, kuna ziada, na umri sahihi ni wa isokroni, si wa uwanda. Angalia pia asilimia ya argoni ya hewa. Hewa ikiwa asilimia 95, kosa la asilimia 0.2 katika kuisahihisha linakuwa karibu asilimia 4 ya umri. Ikifika 99, kosa hilohilo linakuwa 20. Kwa jiwe la miaka 300,000 hiyo ni miaka 60,000, na hakuna namba ya desimali itakayoificha. Na unapolinganisha na makala za zamani, hakikisha waandishi walitumia umri uleule wa kipimo rejea: Fish Canyon ilikuwa 28.02, na nyingine zilitumia 295.5 kwa hewa.

Pumisi ya dasiti ni kazi nyingine kabisa. Kama ni ya mlipuko wa Samalas, ule uliochimba kaldera pembeni ya volkeno ya Rinjani kisiwani Lombok mwaka 1257, argoni haina la kusema. Ni changa mno. Mlipuko huo ulifungwa kwenye tarehe kwa mkaa uliozikwa, salfa iliyonaswa kwenye barafu za Greenland na Antaktika, na simulizi zilizoandikwa kwenye majani ya lontari (mti wa jamii ya minazi) kisiwani humo. Wewe pima kioo cha pumisi kwa mashine ya mwale wa elektroni (microprobe) na ulinganishe na takwimu zilizochapishwa. Ukiwa na mkaa wa kupima kwa kaboni-14, chagua vitawi vyembamba au pete za nje za gogo. Moyo wa mti mkubwa ulikuwa umekwisha kufa karne moja au zaidi kabla ya moto, na mmea ulioota jirani na tundu linalotoa gesi ya volkeno huonekana mkongwe kuliko ulivyo, kwa kuwa ulikula kaboni mfu. Zirkoni za pumisi zinapimika kwa uraniamu na thoriamu mpaka miaka 350,000 hivi, ila zinakuambia fuwele zilikua lini, si volkeno ililipuka lini. Pengo linaweza kuwa makumi ya maelfu ya miaka. Ukitumia uraniamu na risasi kwenye zirkoni changa hivyo, sahihisha upungufu wa thoriamu-230. Ukisahau, umri unapungua kwa hadi miaka 100,000, na kwa mawe haya hiyo ni sehemu kubwa ya umri wote.

Nzega: vifaa vya kemia ni vilevile, ila maswali yanabadilika. Miamba hiyo ni ya Akeani, imepashwa joto na kukandwa, na maji ya moto yaliyoleta dhahabu yamehamisha K, Rb, Ba, Sr na Na. Usitumie mchoro wa silika na alkali wala wa K₂O. Tegemea Ti, Zr, Y, Nb, Th na elementi adimu za ardhi, na ugawe majina kwa Zr/Ti dhidi ya Nb/Y. K-Ar na argoni-argoni vitakupa wakati mwamba ulipopoa au ulipopashwa upya, si ulipotoka kama lava. Tafuta badala yake tabaka za rayolaiti au dasiti katikati ya basalti, uchukue kilo 5 hadi 10, utoe zirkoni na uzipime kwa uraniamu na risasi. Sampuli zenye pairaiti zioksidishwe kwanza kwa nitrati kabla ya kuingia kwenye bakuli la platini, maana salfaidi hulitoboa.

Wala usidhani hadithi ya mabamba kuzama ni ya Indonesia tu. Kwenye ukanda wa Usagara, kusini mashariki mwa Dodoma, kuna eklojaiti, miamba iliyogeuzwa na shinikizo kubwa, zenye kemia ya basalti ya sakafu ya bahari zilizoshuka chini sana takriban miaka bilioni 2 iliyopita. Tarehe hiyo ilitokana na uraniamu na risasi katika madini yaliyokua ndani ya eklojaiti hizo. Ukipima mica za ukanda huohuo kwa argoni, upande wa mashariki hasa, jiandae kupata miaka milioni 500 na kitu: hilo ni joto la Pan-Afrika, tukio la kale la kugongana kwa mabara, lililofuta saa ya argoni bila kuigusa ile ya zirkoni.

Kwa sasa fanya hivi. Usisage jiwe jingine lolote mpaka kila moja limekatwa kipande chembamba. Waulize GST, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, kuhusu kazi hiyo. Hifadhi theluthi ya kila jiwe bila kuiosha wala kuigusa. Saga upya kwa agati ile basalti ya Ta 0.64 pamoja na mbili nyingine, uzipime sambamba na JB-2. Tofauti kati ya kusaga kwa kwanza na kwa pili itakuonyesha ni elementi zipi za mawe yaliyobaki unaweza kuziokoa. Ikiwa ni W, Co, Ta na Nb kidogo tu ndizo zilizobadilika, elementi adimu za ardhi, Th na Ba za mwanzo zitumie bila hofu. Argoni-argoni omba kwa matriksi za lava mbili zilizo safi kuliko zote, siyo lazima hii uliyokwisha kuipima, na usilipie plagioklezi. Za Nzega zikifika zamu yake, kibali cha kusafirisha sampuli nje kinaombwa Tume ya Madini; anza nacho mapema kabla hujaahidi maabara tarehe.